Mume anataka sola, mimi nataka instahita, mama mkwe anawasha kuni saa kumi alfajiri

Shikamoo dada mshauri, pole na majukumu.

Nasoma safu hii muda mrefu na sikuwahi kudhani nitaandika, tena kwa jambo ambalo ukimsimulia mtu wa Dar atakucheka: maji ya kuoga.

Ninaishi Ngaramtoni, pembeni mwa Arusha, upande wa juu kidogo, na mume wangu na watoto wetu watatu. Tangu mwaka jana tunaishi pia na mama mkwe. Mama alianguka kule Kibosho akaumia nyonga, na kwa kuwa mume wangu ndiye kitinda mimba, jukumu la kumtunza lilikuwa letu bila mjadala. Nilimpokea kwa moyo mmoja na bado nampenda. Naomba ulielewe hilo kwanza, kwa sababu kuna watu kwenye ukoo wameanza kusema vingine.

Sisi tulishajizoelea. Nachemsha sufuria moja kwenye gesi, watoto wanachanganya kwenye ndoo, wanajimwagia kwa kopo, wanakwenda shule. Mama hataki. Saa kumi alfajiri anatoka nje na fimbo yake, anawasha kuni kwenye mafiga nyuma ya nyumba na kubandika lile sufuria letu la shughuli. Huko nje kuna umande, simenti inateleza, na Julai hata mimi mwenye miguu mizima natetemeka. Nikimwambia, "Mama, lala, mimi nitakuchemshia kwenye gesi," ananijibu kwamba maji ya gesi hayana moto. Moshi wote unaingia chumba cha watoto, na yule wa kati ana pumu. Kuni zenyewe zinakula kama 40,000 kwa mwezi, wakati mtungi wa gesi wa kilo 15 naununua 55,000 na ndio unaopika chakula cha nyumba nzima.

Mwezi wa saba ndio nilipoogopa kweli. Niliamka usiku kwenda kumwangalia nikakuta ameingiza jiko la mkaa chumbani kwake na dirisha amelifunga. Chumba chake ni kile tulichoongeza nyuma, kina choo na bafu lake, lakini dari hatujaweka bado, ni mabati tu. Nilitoa lile jiko nje mbio mbio. Asubuhi hakunisemesha, na baadaye nikasikia amemwambia binti yake kwamba nimemnyang'anya moto.

Mume wangu ni dereva wa watalii. Msimu ukiwa mzuri hatumwoni nyumbani, yuko Serengeti au Ngorongoro. Safari hii amerudi na uamuzi wake kichwani: tunafunga sola ya maji ya moto, lita 300, ile yenye mirija ya kioo, kama aliyoiona kwa bosi wake Njiro. Fundi amemtajia 3,400,000 pamoja na kufunga. Yeye ana 1,400,000, na zile milioni mbili zinazobaki anataka nitoe mimi kwenye mgao wangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Dada, huo mgao nimeuwekea mpango. Mtoto wetu mkubwa anaingia sekondari ya bweni Januari.

Mimi nilipendekeza instahita, ile shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo. Dukani ni 120,000, fundi umeme wa mtaani kwetu anafunga kwa 60,000, na siku hiyo hiyo mama anaoga maji ya moto. Umeme wetu ni ule wa bei ndogo, napata yuniti kwa shilingi 122, na kwa mwezi tunatumia kama 60 tu. Mume wangu akasema instahita ni za gesti, hawezi kumwogeshea mama yake vitu vya gesti. Na mama mwenyewe hataki hata kuisikia, kwa sababu alishapigwa shoti na shawa ya namna hiyo akiwa kwa binti yake pale Moshi mjini. Anasema heri aoge baridi.

Halafu wifi akapiga simu. Eti amesikia mama anaogeshwa kwa kopo kama yuko bweni. Nililia siku hiyo, sikufichi.

Kuna jambo jingine ambalo mume wangu hapendi kulizungumza. Nyumba yetu ilifungwa bomba moja tu, la maji baridi. Fundi bomba niliyemuuliza pembeni amesema sola itahitaji bomba la pili, na kwenye bafu la ndani itabidi vigae vibomolewe. Bei ya fundi wa sola haikutaja vigae.

Sasa naomba unisaidie. Nitoe hizo milioni mbili? Nikikataa nitaonekana namnyima mama yake maji ya kuoga. Nikikubali, Januari nitamwambia nini mwanangu? Na wazo jingine limenijia, usinihukumu: mume wangu anaondoka tena wiki ijayo kwa siku kumi. Nikinunua instahita yangu kimya kimya na kuifunga, si akirudi atakuta kazi imeisha?

Mkwe wa Ngaramtoni

* * *

Marahaba mdogo wangu, na pole. Wala sikucheki. Anayecheka hajawahi kuoga maji ya bombani Ngaramtoni alfajiri ya Julai, Meru ikiwa imejifunika wingu na hewa iko nyuzi 12 au 13.

Nikikusoma naona mambo matatu yamefungwa kwenye furushi moja. Kuna mama mzee anayesikia baridi na anayehatarisha nyonga yake, na hata uhai wake, kulitafuta joto. Kuna mume aliyeamua peke yake fedha mtakazotoa wawili. Na kuna swali la kifaa: sola au instahita. Ninyi wawili mmeshikana kwenye hilo la tatu, labda kwa sababu ndilo rahisi kuligombania. Nianze nalo basi, maana kuna hesabu ambayo sioni kama imefanywa na yeyote kati yenu.

Unaiita instahita nafuu. Kuinunua ni nafuu, hapo sina ubishi. Lakini nyingi zinazouzwa madukani zimeandikwa wati 5,500 hivi. Mtu akioga dakika kumi, imekula karibu yuniti moja. Ninyi watano, bila baba, mtakula yuniti nne na nusu kwa siku, yaani kama 135 au 140 kwa mwezi. Jumlisha na 60 zenu za kawaida, mnakaribia 200. Na hicho kikundi chenu cha 122 kikomo chake ni yuniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo zinatozwa 350 kabla ya kodi na tozo, ambayo ukishaziweka inakuwa 427. Mkiendelea kuzidi mnahamishiwa kundi la kawaida la shilingi 356, na hapo hata taa na televisheni zitalipiwa bei hiyo. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili, mwezi wa Julai unaongelea elfu 60 hadi 70 za LUKU, huo umeme wenu wa kulipia kabla, wakati sasa hivi unalipa elfu saba na kitu. Januari watoto wataoga maji ya baridi na hesabu itashuka, lakini baridi yenu kule haimalizwi na mwezi mmoja.

Halafu waya. Kifaa cha wati 5,500 kinavuta kama ampea 24. Waya wa soketi wa milimita mbili na nusu si wake. Kinataka kebo yake chenyewe kutoka kwenye meni swichi, milimita 4 au 6 kulingana na umbali, na breka yake, na ethi inayofika ardhini kweli. Elfu 60 ya fundi wa mtaani, sidhani kama imehesabu kebo hiyo. Mwulize. Ukimwona anatafuta soketi ya karibu ya kuungia, mshukuru na umwache aende zake.

Hapa ndipo nataka umsikilize mama mkwe. Ameshapigwa shoti. Hofu yake umeiandika kama ukaidi wa uzee, lakini mimi naiona ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo. Kwenye shawa nyingi za aina hiyo koili, ule waya unaopasha maji, inakaa ndani ya maji yenyewe, na pasipo ethi nzuri yule anayeoga ndiye anayekuwa njia ya umeme kwenda chini. Inawezekana kuifunga salama: fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, ethi iliyopimwa, na kile kifaa cha kukata umeme unapovuja ambacho mafundi wanakiita RCD. Ikifungwa hivyo mamilioni ya watu duniani wanaitumia bila shida. Ila si kwa 60,000.

Na mama ataoga vipi na ile nyonga? Maji yakiingia na nyuzi 18 na yeye akiyataka 40, instahita ya wati 5,500 inaweza kumpa lita tatu na nusu hivi kwa dakika. Ni chururu nyembamba. Umeme ukififia jioni, kama unavyofifia mitaa mingi ya pembezoni, hali ni mbaya zaidi: volti zikishuka kutoka 230 hadi 190, nguvu ya koili inapungua karibu theluthi. Mzee amekaa kwenye stuli, mgongo wote uko wazi kwenye baridi, anasubiri chururu limzunguke. Si ajabu akakumbuka ndoo yake.

Sasa tuje kwa baba watoto. Anaposema sola ana hoja, tena nzuri. Jua la Arusha ni la bure, tanki la sola lililofunikwa vizuri linashika joto hadi kesho yake, na bafuni hakuna waya unaogusa maji anayoogea mama. Lakini hiyo 300 imetoka wapi? Mtu mmoja anaoga kwa lita 40 za maji ya vuguvugu, tena kwa raha. Tanki likiwa na nyuzi 55, kati ya hizo 40 kama 24 tu ndizo za moto, zinazobaki ni baridi ya kuchanganyia. Watu watano ni lita 120. Tanki la 150 linawatosha, la 200 linawatosha na wageni. La 300 ni la bosi wa Njiro, na sijui nyumbani kwake wanalala wangapi.

Tanki kubwa lina gharama nyingine isiyoonekana siku ya kununua. Siku ambazo wingu linakaa kutwa, nanyi kule juu mnazijua, sola hupasha kidogo tu na watu huwasha koili ya akiba iliyomo ndani ya tanki. Kupandisha lita 300 kutoka nyuzi 18 hadi 50 kunakula yuniti 11. Kwa bei ya 356 hiyo ni karibu elfu nne, kwa siku moja, maji ambayo zaidi ya nusu hamtayatumia. Kwa hiyo anayekuambia ukifunga sola umeagana na LUKU anazungumzia Januari na Februari.

Muda nao una maneno yake. Maji ya sola yanakuwa moto kabisa saa kumi jioni. Nyumba yako inaoga alfajiri kabla ya gari la shule. Kila lita ya moto mnayoichota jioni nafasi yake inachukuliwa na lita ya baridi, na hilo tanki litalala hivyo hadi asubuhi. Familia zinazofurahia sola mara nyingi zimebadilisha saa: watoto wanaoga wakitoka shule, asubuhi wananawa uso. Watoto wako watakubali? Na mama, ambaye asubuhi yake yote imejengwa juu ya hilo sufuria, atakubali kuoga saa kumi jioni jua likiwa bado lipo? Pengine ndiyo, pengine hapana. Sijaona popote kwenye barua yako kwamba ameulizwa.

Kuhusu bomba la pili, fundi wako wa pembeni amesema kweli. Maji ya sola hayapiti kwenye bomba la kawaida la baridi, yanataka PPR ya maji ya moto, ile yenye mstari mwekundu, kwa sababu mirija ya kioo inaweza kuyafikisha zaidi ya nyuzi 90 siku ya jua kali. Hapo hapo ukumbuke ngozi ya mzee na ya mtoto: bomba la moto lisifunguliwe peke yake kamwe, baridi itangulie. Na simtanki lenu lazima liwe juu kuliko tanki la sola, vinginevyo maji hayatapanda. Kama mnara wenu wa simtanki ni mfupi, kuna gharama ya kuuongeza, nayo sioni kwenye ile 3,400,000. Fundi pia akuoneshe ataelekeza wapi. Kwetu huku, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, paneli huelekezwa kaskazini, na Juni ndipo inapoonekana faida yake kwa sababu jua linakuwa limehamia huko. Kuna mafundi wanaoiweka popote paa lilipolalia.

Nikuchokoze kidogo. Nyie ni watu wa Kibosho, Desemba mnapanda nyumbani na nyumba ya Ngaramtoni inabaki kufuli. Sola haijui kwamba mmeondoka. Itaendelea kuchemsha maji yasiyochotwa kwa wiki nzima, hivyo uliza mapema kama ina bomba la kutolea mvuke, na mjizoeze kuifunika turubai kabla ya kupakia mizigo. Aina ile ya mirija ambayo maji yanapita ndani ya kioo chenyewe, mrija mmoja ukipasuka tanki zima linamwagika. Paneli bapa hazina tatizo hilo, ingawa siku za baridi mirija huzishinda. Sikuchagulii, nakuonesha tu kwamba neno "sola" peke yake halijamaliza kitu.

Kati ya hizo mbili kuna njia ambazo sikuona mkizitaja. Boila dogo la umeme la lita 30, la wati 1,500, kwa ajili ya bafu la mama peke yake. Kulipasha kutoka nyuzi 18 hadi 60 ni yuniti moja na nusu, likazimwa, akachanganya na baridi akapata ndoo tatu za kuogea. Umeme wake ni mdogo kiasi kwamba hausumbui nyumba, koili iko ndani ya tanki lililozibwa, na kwa anayeogopa kabisa linaweza kuzimwa kwenye swichi kabla hajaingia kuoga, maji yakabaki moto vile vile. Mtazidi zile 75 hata hivyo: yuniti 45 za mwezi juu ya 60 zenu zitawaongezea kama elfu 15, au elfu 30 mkihamishwa kundi. Linganisha na 40,000 za kuni. Na kwa kuwa chumba chake kiko nyuma na kina bafu lake, bomba la moto linaweza kupita ukuta wa nje bila kugusa kigae kimoja. Hata sola ndogo inaweza kuanzia hapo, ikahudumia bafu moja, na la ndani likasubiri siku mtakapokarabati.

Gesi je? Ndoo ya lita 20 ya vuguvugu inakula kama gramu 100 za gesi, ambazo kwa bei ya mtungi wako hazifiki shilingi 400. Kwa hiyo hicho unachofanya sasa kwa watoto si umaskini kama wifi anavyokifanya kionekane. Ni hesabu nzuri. Ila zile hita za gesi za papo kwa papo zinazotundikwa ukutani, mkishawishiwa, zisikae bafuni wala chumba kilichofungwa.

Hapo nimefika kwenye jambo pekee ambalo sitakuwa mpole. Lile jiko la mkaa. Ulifanya sawa kulitoa, hata kama alinuna. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, mtu analala na haamki. Hata jiko lililokwisha kuwa makaa mekundu bila moshi linaua, tena hilo ndilo linalodanganya watu. Mume wako na wifi yako waambiwe hivyo kwa maneno hayo hayo, ili lisibaki kuwa ugomvi wa mkwe na mama.

Lakini ukimnyang'anya mtu moto, baridi inabaki pale pale. Nimerudia mara kadhaa kusoma kile kisentensi chako cha mabati bila dari. Usiku, joto lote la chumba linapanda na kutokea juu, na bati linarudisha baridi. Nina wasiwasi kwamba mama anaamka saa kumi kwa sababu baridi imemwamsha, na pale mafigani anaota moto kwanza, maji yanachemka baadaye. Huko Kibosho jikoni kulikuwa na moto na watu wamekaa kuuzunguka. Akikwambia maji ya gesi hayana moto, huenda hazungumzii maji hata kidogo. Ikiwa nimekisia sawa, mtafunga sola ya milioni tatu na nusu na yeye ataendelea kutoka nje na fimbo yake.

Nimekisia tu, wewe ndiye unayemwona. Ila dari ya chumba kimoja, pazia zito, kuziba upenyo wa dirisha kama ni la luva, blanketi la pili chini ya shuka na siyo juu tu, na ile chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa miguuni, vyote kwa pamoja havifiki bei ya hiyo sola. Hita ya chumba ya umeme sikushauri ikeshe: ya wati 1,500 kwa saa nne ni yuniti sita. Na mafiga yenyewe, je, lazima yawe pale dirishani kwa mtoto mwenye pumu? Yakisogezwa upande wa pili, chini ya kibanda, sakafu ikakwaruzwa isiteleze, mama anaweza kuendelea kuota moto wake saa mbili asubuhi jua likiwa limetoka, na hakuna atakayesema amenyang'anywa.

Sasa wewe na baba watoto. Unasema anataka milioni mbili zako. Je, anajua kwamba zimeshapangiwa ada, au anajua tu kwamba mgao umetoka? Nauliza kwa sababu wanaume wengi wanaolala porini siku kumi kumi hurudi na kukuta mipango ya nyumbani imeshakaa kichwani mwa mke, na wake nao hudhani wameshaisema. Akishajua na bado akadai, hayo ni mazungumzo mengine, mazito zaidi, na huenda mkahitaji mtu mzima wa kukaa nanyi. Asipokuwa anajua, mpe kwanza nafasi ya kujua.

Mtazame pia kwa jicho jingine. Wifi aliyekupigia wewe simu, unadhani kaka yake hakumpigia? Mtu aliyemtoa mama yake kwenye kihamba, shamba la ukoo, akamleta Ngaramtoni anaogopa sana kusikia kwamba mama anateseka kwake. Hiyo lita 300 inaweza kuwa jibu lake kwa dada zake kuliko jibu la maji. Ndiyo maana neno "gesti" lilimtoka. Ukimjibu kwa bei atasikia dharau, hata kama bei yako ni sahihi. Na kama ukoo una uchungu na kuoga kwa mama, sioni ubaya wa yeye, si wewe, kuwaambia ndugu zake kwamba dari ya chumba cha mama na bomba lake la moto vinagharimu kiasi fulani, na kila mmoja atoe. Mama ana watoto zaidi ya mmoja. Hatari yake ni kwamba anayechanga hujiona na haki ya kusema, na wifi wako anaonekana hapungukiwi maneno.

Ulisema nisikuhukumu kuhusu kuifunga kimya kimya, na sikuhukumu. Naona ulivyochoka. Nifikirie tu pamoja nawe siku ya kumi na moja: amerudi na vumbi la safari, ukutani kuna kitu alichokikataa, mama amegoma kukitumia, na ile LUKU inakwenda mbio. Hata angekuwa amekosea mwanzo, mazungumzo yote yatahamia kwako. Kwa upande wa pili, kama kuna kitu unachoweza kufanya akiwa hayupo bila kumvunjia mtu heshima, ni kuandika. Kila jioni soma mita, andika yuniti zilizobaki. Andika nani ameoga saa ngapi na kwa ndoo ngapi. Na jioni moja, watoto wakiwa wamelala, mpelekee mama chai yake ukae naye, umuulize angependa kuoga saa ngapi kama angekuwa hana haja ya kuwasha moto, na usiku ni kiungo gani kinachomuuma kwa baridi. Usimtajie sola wala instahita.

Kuhusu yule fundi wa sola, kabla hajapewa hata shilingi ya kianzio, aje nyumbani baba watoto akiwepo na yule fundi bomba wako akiwepo, apande aone mnara, aone bafu zote mbili, kisha atoe bei mbili zilizoandikwa: ya lita 300 kwa nyumba nzima, na ya lita 150 kwa bafu la mama. Katika kila moja aandike kama ndani yake mna bomba la PPR, kubomoa na kurudishia vigae, kuongeza mnara na waya wa koili ya akiba, na ni nani atakayekuja mrija ukipasuka. Akisema 3,400,000 inabeba yote hayo, aandike hivyo na kusaini. Ndipo mkae, karatasi ya ada ikiwa mezani pamoja na hizo mbili.